Hataza zaidi ya 400: nizisomeje kabla hatujanunua leseni ya mtambo?

Swali: "Mimi ni mhandisi katika timu inayochagua teknolojia ya mtambo mpya wa kemikali. Kampuni mbili zinashindana kutuuzia leseni. Ya kwanza inasema ina hataza zaidi ya 400 katika nchi 40. Ya pili ina kama 60 tu. Wakubwa wangu wanaelekea kuichagua ya kwanza kwa sababu ya hesabu hiyo. Je, wingi wa hataza unapima ubora wa teknolojia? Na mimi ambaye si mwanasheria nianzie wapi kuzisoma?"

Jibu: Ndugu mhandisi, wingi wa hataza haupimi ubora wa teknolojia, na wakubwa wako wasiuache uamue jambo zito kama hili. Hilo ndilo jibu fupi. Swali lako la pili ndilo lenye kazi, na nimefurahi kwamba anayeuliza ni mhandisi. Hazina ya hataza ya kampuni ya teknolojia ya kemikali husomwa vizuri na anayejua mtambo unavyofanya kazi. Mwanasheria mtamhitaji, ila aje baadaye akiwa na kazi yako mezani.

Tuishughulikie kwanza hiyo 400. Hataza (patent) ni haki ya kulinda uvumbuzi, na hutolewa na nchi moja moja. Uvumbuzi mmoja ukiombewa ulinzi katika nchi 20 na zote zikakubali, kampuni itahesabu hataza 20, ingawa kilichovumbuliwa ni kimoja. Kundi hilo huitwa familia. Kwa hiyo hataza 400 katika nchi 40 huenda ni vumbuzi kumi tu zilizoombewa kila mahali, na zile 60 za kampuni ya pili huenda ni vumbuzi 30 zilizoombewa katika nchi mbili mbili. Tena ndani ya hesabu za matangazo huchanganywa maombi ambayo bado hayajakubaliwa, hataza zilizokwisha muda wake, na zile zilizokufa kwa sababu mwenyewe aliacha kulipa ada ya kila mwaka. Waombe wote wawili jedwali la familia: tarehe ya ombi la kwanza, nchi ambako hataza ingali hai leo, na namba ya hati. Kampuni yenye kitu cha maana hulitoa jedwali hilo bila kusitasita. Ukilipata, lihakiki mwenyewe kwenye Espacenet au PATENTSCOPE, tovuti za kutafutia hataza ambazo ni za bure, kisha kwenye daftari la ofisi ya hataza ya nchi mnakojenga. Usiridhike na Espacenet peke yake kuhusu uhai wa hataza, kwa sababu taarifa za baadhi ya nchi hufika huko zimechelewa.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa teknolojia hulipita haraka. Hataza haimpi mwenyewe ruhusa ya kufanya kitu. Inampa nguvu ya kuwazuia wengine wasikifanye. Mtu anaweza kumiliki shamba kihalali kabisa, lakini likiwa limezungukwa na mashamba ya watu, hana njia ya kulifikia mpaka majirani wakubali. Kampuni ikivumbua namna bora ya kutumia kichocheo (dutu inayoharakisha mmenyuko wa kemikali) cha mwenzake, inaweza kupewa hataza ya uboreshaji huo na bado isiweze kuutumia bila leseni ya mwenye kichocheo. Naye mwenye kichocheo hawezi kuuchukua uboreshaji huo bila kuomba. Kwa hiyo anayekuonyesha hataza 400 amekuonyesha anachoweza kuwazuia wengine. Hajakuonyesha kwamba hakuna atakayemzuia yeye, wala atakayekuzuia wewe baada ya mtambo kusimama.

Sasa kazi yenyewe. Chapisha kwenye karatasi kubwa mchoro wa mtiririko wa mtambo mnaouziwa, kuanzia inapoingia malighafi mpaka ghala la bidhaa. Chukua familia moja moja, soma dai lake la kwanza, halafu andika namba yake kwenye kifaa linachohusu: usafishaji wa malighafi, kinu cha mmenyuko, kichocheo, uondoaji wa joto, minara ya kukenekea (kutenganisha vimiminika kwa kuvichemsha), urejeshaji wa kichocheo, gesi inayozungushwa kurudi kinuni, maji taka. Muhtasari wa mwanzo wa hati na maelezo marefu yanayofuata hukusaidia kuelewa, lakini hayalindi kitu. Kinacholinda ni madai, yale yaliyopangwa kwa namba.

Dai la mchakato wa kemikali kwa kawaida huwa na umbo hili: njia ya kutengeneza kitu fulani, kwa kukutanisha A na B, pamoja na kichocheo C, kwa halijoto kati ya kiwango hiki na kile, huku maji kinuni yasizidi asilimia kadhaa. Ni lazima masharti yote yatimie ndipo mtu aitwe mvunjaji, ingawa mahakama za nchi nyingi hukubali pia kubana kitu kilicho sawasawa na sharti lililoandikwa. Ndiyo maana dai fupi lina eneo pana, na dai lenye masharti kumi ni jembamba hata kama linatisha kulisoma. Ukikuta halijoto imebanwa kati ya nyuzi 183 na 187, elewa kwamba mwombaji alikuta mengi yamekwisha kuchapishwa na wengine, akabaki na kipande kidogo cha kudai. Mhandisi huuliza papo hapo: je, kwa nyuzi 190 mmenyuko unaharibika? Kama hauharibiki, dai hilo halimzuii mtu yeyote mwenye akili.

Nikupe mfano mmoja kwa karibu, maana una mambo mengi ndani yake. Asidi asetiki, ile inayoipa siki ukali wake, hutengenezwa kwa wingi kwa kuunganisha methanoli na kaboni monoksaidi. Mwaka 1970 kampuni ya Monsanto ilianza kuitengeneza kibiashara huko Texas City kwa kichocheo cha rodiamu kinachosaidiwa na iodini, kwa shinikizo la chini sana kuliko mchakato wa kobalti wa kampuni ya Kijerumani BASF uliotangulia. Zaidi ya asilimia 99 ya methanoli inayomenyuka hugeuka kuwa asidi. Ukiisoma hataza ya msingi pekee ungesema hakuna aliyebakiwa na la kufanya. Lakini waliokaa na mtambo huo waliona ugumu wake. Rodiamu hubaki imeyeyuka vizuri iwapo tu kinuni mna maji mengi, kama asilimia 14 au 15 kwa uzito. Maji hayo hayana budi kutenganishwa na asidi kwa kukenekwa, na kuvitenganisha viwili hivyo hula mvuke mwingi. Ukiyapunguza maji, rodiamu hujitenga na kutuama kama unga, hasa kwenye chombo cha kutenganishia kilicho baada ya kinu, ambako shinikizo limeshuka na kaboni monoksaidi imepungua. Na rodiamu ni miongoni mwa metali ghali kabisa duniani.

Hapo ndipo hataza mpya zilipozaliwa. Kampuni ya Celanese iliongeza chumvi ya lithiamu iodidi, na rodiamu ikatulia hata maji yalipopunguzwa hadi asilimia 4 au 5. BP, ambayo ilinunua teknolojia ya Monsanto mwaka 1986, ilipita kwingine kabisa: iliacha rodiamu ikachukua iridiamu inayosaidiwa na rutheniamu, na mwaka 1996 ikautangaza mchakato huo kwa jina la Cativa. Tatizo lilikuwa moja, la maji, na likazaa njia mbili tofauti zenye hataza zake, kwa bidhaa ile ile. Ukiziweka kwenye mchoro wa mtambo utaona zinarundikana mahali pamoja, kinuni, kwenye chombo cha kutenganishia na kwenye minara ya mwanzo, kwa sababu huko ndiko gharama zilikokuwa.

Kitumie kipimo hicho kwa wauzaji wenu wawili. Jiulize kwanza, kabla ya kufungua hati yoyote, ni hatua gani ya mchakato huu inayokula pesa: mvuke, umeme, kichocheo kinachochoka, malighafi inayopotea kama zao la pembeni, au vyuma ghali vya kuzuia kutu. Halafu tazama kama namba ulizoandika kwenye mchoro ziko hapo. Kama familia nyingi za kampuni ya kwanza zinahusu bidhaa ambazo ninyi hamtazitengeneza, au vifaa ambavyo mnaweza kubadilisha na vya mtengenezaji mwingine bila hasara, basi hazina hiyo kubwa ina uzito mdogo kwenu. Kama za kampuni ya pili, ingawa ni chache, zimesongamana kwenye hatua ile ya gharama, hiyo ndiyo yenye kitu mkononi. Zitazame pia sehemu za mchoro zilizobaki tupu. Utupu mara nyingi una maana moja kati ya mbili: ama hatua hiyo ni ya watu wote siku hizi, ama kampuni imeamua kuificha kama siri ya biashara. Waulize wazi ni ipi.

Baada ya mahali, tazama tarehe. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani unataka ulinzi usiopungua miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi, na saa hiyo huanza kwenda wakati uvumbuzi bado uko kwenye chupa za maabara. Mpaka upite mtambo wa majaribio, ufike mtambo wa kwanza wa kibiashara na kumpata mteja wa tatu au wa nne anayethubutu, miaka mingi imeliwa. Matokeo yake ni kwamba teknolojia iliyothibitika vizuri mara nyingi hataza yake ya msingi imekwisha au inakaribia. Hiyo si kasoro. Kinachoiweka hai ni tabaka zilizofuata. Kampuni ya Sohio ilianza mwaka 1960 kutengeneza akrilonitrili, malighafi ya nyuzi na plastiki, kwa hatua moja kutoka propilini, amonia na hewa, na mchakato wake ukaenea mpaka ukawa ndio unaotoa karibu akrilonitrili yote duniani. Ulinzi wa uvumbuzi ule wa kwanza uliisha zamani. Lakini kichocheo cha kwanza kilifuatwa na kilichoitwa 21, kikaja 41, kikaja 49, kila kimoja kikipunguza upotevu wa malighafi na kila kimoja kikiwa na ulinzi wake. Swali la kuwauliza wauzaji wenu ni hili: siku ya kuwasha mtambo, kinuni kitajazwa kichocheo cha kizazi kipi, na familia yake inaisha mwaka gani? Na la pili, lenye kuuma zaidi: kizazi kilichotangulia, ambacho leo ni huru kwa kila mtu, kiko nyuma kwa kiasi gani? Tofauti hiyo ndiyo thamani halisi ya leseni, ukiacha ujuzi.

Ukifukua hati za zamani za Marekani, uwe macho. Kabla ya sheria kubadilika mwaka 1995, hataza huko ilihesabiwa miaka 17 tangu ilipotolewa, na kama utoaji ulichelewa, ulinzi ulianza kuhesabiwa kwa kuchelewa. Watafiti wawili wa kampuni ya Phillips, J. Paul Hogan na Robert Banks, walikutana na plastiki iitwayo polipropilini ya fuwele mwaka 1951. Mgogoro wa nani alitangulia ulizihusisha kampuni kadhaa kubwa, na hataza ya Phillips ilitoka mwaka 1983. Kilichovumbuliwa miaka ya 1950 kikawa kinalindwa hadi mwaka 2000. Mambo ya namna hiyo hayatarudi kwa maombi mapya, lakini yanaeleza kwa nini usikadirie mwisho wa ulinzi kwa kuangalia mwaka wa ugunduzi.

Nchi nazo zisomwe kwa uangalifu, na hapa nimeona timu nyingi zikiteleza. Watu huangalia kama hataza iko hai katika nchi wanakojenga, wakikuta haipo wanapumua. Lakini TRIPS inasema hataza ya mchakato inagusa pia bidhaa iliyopatikana moja kwa moja kwa mchakato huo. Maana yake, mkijenga mahali pasipo na hataza kisha mkasafirisha bidhaa kwenda nchi ambako hataza iko hai, mzigo wenu unaweza kuzuiwa huko. Orodhesha masoko yenu ya miaka 15 ijayo, uyaangalie pamoja na nchi ya ujenzi.

Kumbuka pia kwamba maombi kwa kawaida huchapishwa miezi 18 baada ya tarehe ya kwanza. Kilichoombwa mwaka mmoja uliopita kwa kawaida hukioni leo, hata ungetafuta kwa bidii namna gani. Na ombi lililopitia Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza (PCT), ambao ombi moja hugusa nchi nyingi, huwa na miezi 30 kabla ya mwombaji kulazimika kuingia nchi moja moja, kwa hiyo jedwali linaloonyesha nchi tatu leo linaweza kuonyesha 15 mwakani. Rudieni utafutaji mara moja kabla ya kusaini na mara nyingine kabla ya kuagiza vifaa vikubwa.

Sasa nije kwenye kile ninachoamini kuliko yote katika suala hili: sehemu kubwa ya mnachonunua haimo kwenye hataza hata moja. Historia ya amonia inaonyesha hivyo kuliko hoja yoyote. Fritz Haber aliomba hataza Ujerumani mwaka 1908 kwa kutengeneza amonia kutoka naitrojeni na haidrojeni, na BASF ikamkabidhi Carl Bosch kazi ya kuigeuza iwe kiwanda. Kwa shinikizo la angahewa 200 hivi na joto la nyuzi 500 hivi, haidrojeni ilipenya kwenye ukuta wa kinu wa chuma chenye kaboni, ikanyofoa kaboni iliyokuwa inakipa chuma nguvu, na vinu vikapasuka. Bosch akaweka ganda la ndani la chuma laini kisicho na kaboni ya kupotea, akaliacha ganda la nje la chuma kigumu libebe shinikizo, kisha akalitoboa hilo la nje matundu madogo madogo ili haidrojeni inayopenya itoke badala ya kukishambulia chuma. Wakati huo Alwin Mittasch na wenzake walikuwa wanajaribu maelfu ya michanganyiko ya vichocheo, mpaka wakafika kwenye chuma chenye viungo vidogo vya oksidi ya aluminiamu na potasiamu. Kiwanda cha Oppau kikaanza mwaka 1913.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoingia, Marekani ilizitwaa hataza za Wajerumani, na mwaka 1919 nyingi ziliwekwa chini ya taasisi ya Chemical Foundation ili viwanda vya huko vipewe leseni. Hataza walikuwa nazo. Hata hivyo mtambo wa amonia uliojengwa Sheffield, Alabama, ukifuata njia ya namna hiyo, haukuwahi kufanya kazi inavyotakiwa. Ni kichocheo gani hasa, kinaandaliwaje, uchafu gani kwenye gesi hukiua, na kinu kinawashwaje bila kupasuka, hayo yalikuwa vichwani mwa watu na kwenye daftari za BASF. Wafaransa walilielewa hilo, wakaamua kuingia mkataba na BASF wenyewe ili wafundishwe.

Kwa hiyo kando ya jedwali la familia, waombe wauzaji wenu orodha ya ujuzi watakaowakabidhi, na muisome kwa ukali ule ule. Kitabu cha usanifu wa mchakato kina kina gani? Nani atatengeneza kichocheo, na akishindwa kukileta, mna haki ya kupewa namna ya kukitengeneza? Wahandisi wenu watakaa miezi mingapi kwenye mtambo unaofanya kazi? Ni nani kati ya waliowasha mitambo iliyotangulia bado wameajiriwa na kampuni hiyo? Kampuni inaweza kuwa na hataza 400 zilizoandikwa na watu waliokwisha kustaafu wote. Tazama majina ya wavumbuzi kwenye hati za miaka mitano ya karibuni, kisha ulinganishe na majina ya watu wanaokuja kwenye vikao vyenu. Ni kazi ya mchana mmoja, na inaonyesha kama utafiti bado uko hai.

Kwa nini kampuni ziandike nusu na kuficha nusu? Kwa sababu mchakato hauonekani. Bidhaa unaweza kuinunua na kuipima, lakini halijoto ya ndani ya kinu cha mtu huwezi kuiona kutoka nje ya uzio wake. Kwa hiyo kichocheo, ambacho mtu anaweza kukipata na kukipima, huombewa hataza, na namna ya kukiendesha hufichwa. TRIPS imejaribu kupunguza ugumu huo: katika hali fulani, hasa bidhaa ikiwa mpya, mshtakiwa ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alitumia njia nyingine. Ufaransa ina utaratibu ambao mahakama humruhusu ofisa wake kuingia kiwandani na kuchukua ushahidi. Kwenu ninyi maana yake ni moja: tangu siku ya kwanza wekeni kumbukumbu kamili za jinsi mnavyoendesha mtambo, zenye tarehe na saini. Siku mtakaposhtakiwa, daftari hizo ndizo zitakazosema.

Kuhusu kampuni ndogo yenye hataza 60, msiidharau kabla hamjajua ilitokeaje. Miaka ya 1930 Eugene Houdry aliwashangaza wenye viwanda vya mafuta kwa kutumia kichocheo kupasua mafuta mazito kuwa petroli, na mtambo mkubwa wa Sun Oil ulianza Marcus Hook mwaka 1937. Standard Oil ya New Jersey iliona bei ya leseni haivumiliki. Mwaka 1938 ikaungana na kampuni nyingine katika kundi la Catalytic Research Associates, wakatafuta njia isiyogusa hataza za Houdry. Kwake kichocheo kilitulia ndani ya vinu, na vinu vilipokezana, kimoja kikipasua mafuta huku kingine kikichomwa masizi. Wao wakakifanya kichocheo kuwa unga unaotiririka kama maji kati ya kinu na tanuri la kukisafishia, bila kusimama. Mtambo wa kwanza uliwashwa Baton Rouge mwaka 1942, na njia hiyo ndiyo iliyotawala viwanda vya kusafisha mafuta hadi leo. Hazina kubwa ya hataza ilikuwa imewasukuma washindani kwenye kitu bora zaidi. Angalieni kama zile 60 ni mabaki ya kampuni iliyochoka au ni mwanzo wa njia kama ile ya Baton Rouge. Tarehe za maombi na mahali yalipo kwenye mchoro vitawaambia.

Lililobaki ni mkataba, na hapo mfano wangu ni Universal Oil Products. Ilianzishwa mwaka 1914 kwa ajili ya hataza za Jesse Dubbs za kupasua mafuta kwa joto, na riziki yake ilikuwa leseni. Kilichowavuta wenye viwanda vidogo ni ahadi kwamba kesi za hataza zikija, itazibeba yenyewe. Mwaka 1931 kampuni kubwa za mafuta ziliinunua kwa dola milioni 25, kiasi kikubwa sana kwa kampuni iliyoishi kwa makaratasi na wahandisi. Ahadi ya aina hiyo ndiyo mnayotakiwa kuidai: mtu wa tatu akitushtaki kwa kutumia teknolojia yenu kama mlivyotuagiza, mtatetea, mtalipa, na ikibidi mtabadilisha usanifu kwa gharama yenu. Tazama kikomo cha fedha kilichowekwa. Muuzaji anayejisifu kwa hataza 400 kisha anaweka kikomo kidogo mno ametoa tathmini yake mwenyewe ya hatari.

Mrabaha utengwe: sehemu ya hataza ijulikane, na ya ujuzi ijulikane. Marekani, tangu shauri la Brulotte mwaka 1964 na tena shauri la Kimble mwaka 2015, Mahakama ya Juu imeshikilia kwamba mrabaha wa kutumia hataza iliyokwisha muda haudaiki. Sheria za nchi hutofautiana, lakini mkishatenganisha mafungu hayo mawili, hamtalipia kitu kilichokufa bila kujua. Kataeni pia kuuziwa familia 40 kwa pamoja wakati mnahitaji sita, na msikubali kifungu kinachowanyang'anya kila uboreshaji mtakaoufanya wenyewe na kuufanya mali ya muuzaji peke yake. TRIPS yenyewe, katika kifungu cha 40, inataja mambo hayo mawili, pamoja na kumkataza mnunuzi asihoji uhalali wa hataza, kama mifano ya masharti ambayo nchi inaweza kuyazuia. Wahandisi wenu watautumia mtambo huo miaka 30 au zaidi na watauboresha. Kubalini kuwapa wauzaji leseni ya maboresho hayo, huku umiliki ukibaki kwenu.

Kwa wakubwa wako, usiende na hoja kwamba 60 ni bora kuliko 400, kwa sababu bado hujui. Nenda na michoro miwili ya mtiririko, mmoja kwa kila kampuni, yenye namba za familia zilizo hai tu, mwaka wa mwisho wa kila moja, na rangi moja kwenye hatua inayokula pesa nyingi zaidi. Chini yake andika maswali matatu ambayo kila kampuni haijayajibu. Omba wiki mbili za kuyapatia majibu kabla ya kikao cha bei.